Mhitimu wa Sayansi Mbele ya Jopo la Usaili

Mhitimu wa sayansi aitwapo kwenye usaili hujitaabisha kukariri majibu. Faida yake ni ndogo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake, wakichambua upya tafiti za miaka mingi, waliona kuwa usaili uliopangwa, ambamo wote huulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa kigezo kimoja, ndio uliotabiri vyema zaidi utendaji kazini: uhusiano wa 0.42. Usaili usiopangwa ulipata 0.19 tu. Basi lawama isimwangukie kijana peke yake. Jopo lisilopanga maswali nalo halikujiandaa.

Kwa mhitimu, maandalizi yenye maana ni kuurejea mradi wake wa mwaka wa mwisho: alipima nini, kwa chombo gani, na kwa nini vipimo fulani alivitupa. Hapo hata mwenye alama za juu hukwama, hasa kama alinakili. Amweleze jirani asiyesoma sayansi mpaka aelewe. Na vyeti avitazame mapema: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania haipokei hati za matokeo za muda badala ya vyeti halisi, na majina yanayotofautiana huhitaji uthibitisho wa kisheria.