Shule shikizi na shule mama ziwe shule moja

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalozungumzwa sana katika mikutano ya vijiji huku kwetu Mwazye, na naamini si huku kwetu tu. Jambo lenyewe ni hizi shule shikizi. Wako wanaotaka kila shule shikizi isajiliwe na kuwa shule kamili yenye mwalimu mkuu wake, kamati yake na muhuri wake. Wako wengine wanaotaka zifungwe na watoto wote warudi shule mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha madarasa ya chini, na sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Naona kwamba pale shule hizi zinapokuwa jirani ziwe shule moja kwa vitendo na siyo kwa karatasi tu. Mwalimu mkuu awe mmoja, walimu wawe wa pamoja, na rejista iwe moja tangu awali hadi darasa la mwisho, hata kama majengo yako mahali pawili.

Kwa faida ya wasomaji walioko mijini ambao huenda hawajapata kuiona, shule shikizi ni madarasa mawili matatu yaliyojengwa katika kitongoji kilicho mbali na shule ya kijiji, ili watoto wa awali, darasa la kwanza, la pili na pengine la tatu wasome karibu na nyumbani. Wakishakua kidogo huhamia shule mama. Nyingi zilianzishwa na wananchi wenyewe, kwa matofali waliyofyatua na kuyachoma, na mawe waliyoyasomba kwa mikokoteni ya ng'ombe. Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2021, katika zile shilingi trilioni 1.3 za mapambano dhidi ya UVIKO-19, yalipangwa kujengwa madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi. Hili ni jambo la kupongezwa.

Mtu asiyeijua Ufipa anaweza kuuliza kwa nini watoto wasitembee tu kama walivyotembea baba zao. Wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 watu walikusanywa pamoja na shule ikajengwa katikati. Tangu wakati huo watu wameongezeka na wamefuata mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, kwa hiyo katikati ya kijiji siyo katikati tena. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kijito ambacho wakati wa kiangazi mbuzi anakiruka, mwezi wa Februari humshinda hata mtu mzima. Zikipita mvua huja baridi ya Juni na Julai pamoja na upepo wake. Anayesema shule shikizi zifungwe, namwomba kwanza afuatane na mtoto wa miaka mitano asubuhi moja ya masika, ndipo arudi mkutanoni aseme tena.

Lakini ubaya uko mahali pengine, nao ni pale mtoto anapohama. Kwa taratibu zilizopo, shule shikizi haina usajili wake wenyewe. Watoto wake huhesabiwa katika shule mama, na mwalimu mkuu wa shule mama ndiye mwenye dhamana. Kwa karatasi, basi, ni shule moja. Kwa hali halisi ni shule mbili zisizosalimiana. Kule mara nyingi anafundisha kijana wa kujitolea ambaye wazazi humlipa kwa debe la mahindi au kwa chochote walichojaliwa, na anaandika mahudhurio kwenye daftari la kawaida. Huku kuna walimu walioajiriwa wenye rejista. Januari inapofika watoto wanaingia darasa la tatu wakiwa kundi, nasi hatujui nani anaweza kusoma na nani hawezi, nani alikuwa mgonjwa mwaka jana, nani hasikii vizuri sikio moja.

Mtoto akionekana hajui kusoma, sisi wa shule mama tunasema, huyu katoka kule. Wenzetu wa kule wanajibu kwamba alikuwa anasoma vizuri, ninyi ndio mmempoteza. Je, mtoto huyu ni wa nani? Yeye mwenyewe anakaa dawati la nyuma, anaona haya kwa sababu wenyeji wanamcheka, na hakuna mwalimu hata mmoja anayemfahamu kwa jina. Ifikapo Machi ukiita majina wengine hawaitiki. Ukiuliza, unaambiwa wa kiume anachunga ng'ombe na wa kike anamlea mdogo wake. Watoto hawa hawakufukuzwa na mtu yeyote wala hawakushindwa mtihani wowote. Wamepotea katika kilometa chache zilizopo kati ya majengo mawili ya shule ile ile.

Tukija kwenye fedha, hali ni hiyo hiyo. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 hupelekwa kwenye akaunti ya shule. Akaunti hiyo ni ya shule mama. Tuseme shule shikizi ina wanafunzi 120. Hesabu yao ni shilingi 720,000 kwa mwaka. Ni wangapi kati ya wazazi wa vitongoji wanaojua hivyo? Mwalimu wa kujitolea anapokuja kuomba boksi la chaki huliomba kama msaada, naye huondoka akishukuru, kumbe anapewa kilicho chake. Ndiyo maana siwashangai wananchi wanaodai shule yao isajiliwe. Hawatafuti ukubwa, wamechoka kuwa watoto wa kambo.

Hata hivyo tufanye hesabu kabla ya kushangilia muhuri mpya. Tuchukue shule yenye walimu 9, ambayo vijijini huhesabika kuwa imebahatika. Ukiigawa, wa huku wanabaki 5 na wa kule wanakwenda 4. Kila upande sasa unatakiwa kuwa na awali na madarasa saba, yaani madarasa 8 kwa kila shule, na 16 kwa jumla. Kule kwenye walimu 4, mmoja ni mwalimu mkuu ambaye kila mara anaitwa Matai kwa vikao na taarifa. Wamebaki watatu kwa madarasa 8. Ni kweli kwamba zikiwa shule moja, madarasa ya chini bado yatakuwa mahali pawili, hivyo tutakuwa na madarasa 11 kwa walimu 9. Hata hiyo ni kazi nzito, lakini 11 siyo 16. Tena walimu 9 walio chini ya ratiba moja wanaweza kupeana zamu. Mmoja akiugua, mwingine anakwenda kule asubuhi.

Nchi hii ilikwisha kupita njia hii. Wakati wa ukoloni shule ya msingi ya Mwafrika ilikuwa darasa la kwanza hadi la nne, halafu ilikuja shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Shule za kati zilikuwa chache, na mtihani wa darasa la nne ulikuwa kama chekecheo. Wengi walioishia pale hawakuwa wajinga, nafasi ndizo hazikuwepo. Baada ya Uhuru ngazi hizo mbili ziliunganishwa zikawa elimu ya msingi moja ya miaka saba. Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Mtihani wa kuchuja wa darasa la nne ukaondolewa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la 1974 likataka watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977. Wazee wetu walifurahi kwa kuwa ule ukuta wa darasa la nne ulikuwa umebomolewa. Inasikitisha kuona tunaujenga mwingine katika darasa la tatu, hata kama hatukukusudia.

Sasa niseme wazi jambo ambalo wengi wanalinong'ona. Kikwazo kikubwa cha kuunganisha shule ni vyeo. Tangu 2016 mwalimu mkuu wa shule ya msingi amewekewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Sisemi hastahili, maana kazi yake ni kubwa na lawama ni nyingi. Nasema tu kwamba shule mbili ni posho mbili, na shule moja ni posho moja, na mwenye kutamani kiti hawezi kuwa hakimu mzuri wa kesi hii. Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Kenya ilipoanzisha sekondari ya chini mwaka 2023 ndani ya viwanja vya shule za msingi, mabishano juu ya nani amsimamie nani yaliendelea kwa miaka. Huko Uingereza zipo shule za watoto wadogo wa miaka 5 hadi 7 na nyingine za miaka 7 hadi 11, mara nyingi zimepakana ukuta kwa ukuta, na halmashauri nyingi huziunganisha kuwa shule moja ya msingi. Wengi wao husubiri mwalimu mkuu wa upande mmoja astaafu au ahame, ndipo waunganishe, ili asiwepo mtu wa kunyang'anywa. Busara hiyo haina gharama yoyote.

Nafahamu hofu ya wananchi wa vitongoji. Wanasema mkituunganisha mtatusahau, na madarasa tuliyojenga kwa jasho yatageuka maghala. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wamekwisha kusahauliwa kabla hata ya kuunganishwa. Kwa hiyo muungano uwe na masharti yanayoonekana kwa macho. Kamati ya shule iwe na wajumbe wa kitongoji kile, wachaguliwe na wenyeji na wasiteuliwe na mtu. Fedha zinapoingia zitangazwe kwa hesabu ya vichwa, huku kiasi fulani na kule kiasi fulani, na karatasi ibandikwe kwenye mlango wa kila jengo. Mwalimu msaidizi mmoja akae kule akiwa na madaraka kamili ya siku kwa siku. Na walimu walioajiriwa waende kule kwa zamu, wasiachiwe wa kujitolea peke yao mwaka mzima.

Hapa nataka kuongeza jambo ambalo walimu wenzangu hawatalipenda. Katika shule zetu mwalimu hodari hupelekwa darasa la mitihani, na mgeni au mchovu hupelekwa darasa la kwanza. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kinyume chake, kwamba mtoto asipojua kusoma, kuandika na kuhesabu katika miaka miwili ya kwanza, anayempokea juu anahangaika bure. Shule ikiwa moja, mwalimu mkuu anaona mwanzo na mwisho wa mtoto yule yule. Atajua kwamba matokeo mabaya ya darasa la nne yalianzia kule kwenye jengo dogo ng'ambo ya kijito, na atampeleka huko mwalimu wake mzuri. Shule zikiwa mbili, kila mkuu atajali mtihani wake.

Pale ambapo umbali ni mkubwa mno, au kuna mto usiovukika miezi mitatu ya mwaka, sipingi shule shikizi ikue iwe shule kamili. Ila wahusika wapime umbali huo kwa miguu wakati wa mvua, wasiupime kwa gari wakati wa kiangazi. Zile zilizo jirani ziunganishwe sasa, kwa sababu wakati wenyewe ni mzuri. Kwa sera mpya ya elimu, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na kwa mpango uliotangazwa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027. Maana yake ni kwamba kuanzia 2028 kila shule ya msingi itakuwa na darasa moja pungufu, yaani chumba kimoja wazi na vipindi vya walimu vilivyopatikana. Je, halmashauri zetu zimekwisha kupanga vipindi hivyo viende wapi? Mimi napendekeza viende kwa watoto wa shule shikizi.

Kwa sisi tulioko madarasani si lazima tungoje hadi 2028. Kabla shule hazijafungwa mwezi wa Desemba, mwalimu wa darasa la tatu anaweza kwenda kule siku mbili tatu, akae na wale wa darasa la pili, awasikilize wakisoma mmoja mmoja, na kuandika majina yao kwenye rejista yake. Januari wakifika, awe tayari anawajua. Mwalimu mkuu akitoa ruhusa, na baiskeli ikiwa nzima, mimi niko tayari kuanza mwaka huu.

Mwalimu wa Madarasa ya Chini,
Mwazye, Kalambo,
Rukwa.