Wazee Wetu: Haki Yao si Sadaka Yetu



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, juma hili tunaanza na kosa letu wenyewe. Katika msikiti tunaosalisha palikuwa na mzee mmoja asiyeikosa safu ya kwanza. Alifanya kazi bandarini hadi akastaafu, na tangu hapo adhana ya Alfajiri ilikuwa ikimkuta keshafika. Ijumaa tatu zikapita hatumwoni. Tukadhani amekwenda Lamu kwa binti yake, tukaendelea na hutuba zetu. Na mojawapo, Mwenyezi Mungu atusamehe, ilikuwa juu ya kuwaheshimu wazee. Tulipokwenda hatimaye kumjulia hali, tulimkuta ameketi barazani kwake, akili timamu, tasbihi mkononi. Magoti yalikuwa hayamruhusu tena kuchutama penye mabomba ya kutawadhia, na aliona haya kuomba msaada wa vijana. "Sheikh," akatwambia kwa upole, "kazini nilistaafishwa kwa barua. Msikitini nimestaafishwa bila ya barua."

Maneno hayo hayajatutoka. Mzee yule hakuhitaji fedha. Alihitaji kiti, bomba lililoinuliwa, na mtu wa kuuliza, "Mbona fulani haonekani?"

Sisi watu wa pwani twajisifu kwa adabu. Twawabusu wazee mikono, twawapisha njiani, na twasema penye wazee haliharibiki neno. Kisha twawaacha wapange foleni peke yao, wapande ngazi peke yao, na wakisahau dawa hakuna wa kuwakumbusha. Chanzo cha haya, kwa maoni yetu, ni kuigeuza haki ikawa hisani. Hisani hutolewa mtu apendapo. Haki hudaiwa, duniani na Akhera.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba matumizi ya wazazi mafukara ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Ndiyo sababu mtoto huyo hawapi wazazi wake zaka yake kwa fungu la mafukara, kwani zaka si ya kujilipia deni. Basi anayemtumia mamake fedha za mwezi kwa simu asijione mfadhili, analipa anachodaiwa. Na katika Suratul Israa, amri ya kuwatendea wema wazazi imeandamana na amri ya kumwabudu Mola peke yake, na hata mguno wa kuchoshwa nao umekatazwa.

Je, mzee asiye na mtoto? Abu Yusuf, katika Kitabul Kharaj, amesimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimwona mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni pa watu. Alipojua kwamba uzee, uhitaji na jizya ndivyo vilivyomfikisha hapo, alimchukua hadi nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akaamuru yeye na walio mfano wake wapewe kutoka Baitul Mal na waondolewe jizya. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu kuufaidi ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni.

Miji yetu nayo imefaidi ujana wa wengi: mahamali, wavuvi, mafundi wa majahazi, wapishi wa mahoteli, kina mama waliolea nyumba kwa mahamri na mbaazi, na maalimu wa vyuoni waliotufundisha alifu kwa ada isiyotosha mafuta ya taa. Wengi wao hawana pensheni. Mfanyakazi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Mpango wa Inua Jamii huanzia miaka 70, nao ni shilingi 2,000 kwa mwezi, tena zaweza kuchelewa. Hamali aliyeishiwa nguvu akiwa na miaka 60 ataila vipi miaka kumi ya katikati? Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa aila yake na serikali. Sehemu ya serikali na tuidai. Sehemu ya aila haina wa kuibeba ila sisi.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uweke daftari la wazee wa mtaa, wake kwa waume, na vijana wa kuwapitia kila juma. Vijana hao wawasindikize wazee kwa naibu wa chifu kuandikishwa, na pia benki na hospitalini. Lakini kadi na nambari ya siri zibaki mkononi mwa mzee mwenyewe. Pili, ndugu wa tumbo moja wakae kikao, waandike nani ananunua dawa, nani analala kwa mama, na siku gani. Mwenyezi Mungu ametuamuru tuandike madeni, na hili ni deni kubwa. Tatu, tusiwapumzishe wazee kwa lazima. Tuwape nafasi katika kamati, tuwaulize rai, tuwape watoto wa kuwafunza.

Msikitini kwetu tumeinua mabomba mawili na kuweka viti, kazi ya fundi ya siku moja tu. Mzee wetu amerudi safu ya kwanza, husali juu ya kiti, na baada ya Alasiri huwafunza watoto hesabu. Tungaliuliza ile Ijumaa ya kwanza, asingalikosa hizo mbili.

Ewe Mola, warehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na utujaalie watakaotuuliza siku tutakapokosekana safuni. Amin.

Wabillahi tawfiq.