Mfupa Una Uhai

Watu wengi wanafikiri mfupa ni kama mti wa kujengea nyumba: mgumu, mkavu, usio na uhai. Ukivunjika wanaufunga kwa vijiti na kamba kwa nguvu zote, wakidhani kamba ikikaza sana mfupa utaungana upesi. Mawazo haya yameharibu mikono ya watoto wengi. Imetupasa kujua jinsi Mungu alivyouumba mfupa kabla ya kuufunga.

Mtu mzima ana mifupa 206, na kila mmoja una uhai. Juu yake mna ngozi nyembamba yenye mishipa ya damu. Ndani mna uboho, na humo damu mpya hutengenezwa. Mfupa ukivunjika, damu ndiyo inayouletea chakula cha kuponea. Kamba haiungi mfupa. Kazi ya vijiti ni kuutuliza usitikisike, basi.

Fikirini mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni akavunjika karibu na kiwiko. Mahali pale mshipa mkubwa wa damu hupita karibu sana na mfupa. Mkono huvimba. Kama umekazwa kwa kamba, uvimbe hauna nafasi, nao huziba njia ya damu. Ikizibwa masaa 6 hivi, nyama huanza kufa. Baadaye vidole hujikunja wala havinyooki tena, au mkono huoza na kukatwa. Tena, karibu na viungo vya mtoto mna sehemu laini ambapo mfupa hukua. Kuikanda na kuivuta huweza kuupindisha mkono maisha yote.

Wengine watasema, "Wazee wetu hapa Musumba walifunga mifupa tangu zamani, na watu wakapona." Ni kweli, wala siwadharau wazee. Lakini waliopona, damu yao ilipita. Mzee mwenye hekima hatakataa kulegeza kamba.

Basi, mtoto akivunjika, fanyeni hivi. Msikande, msivute. Mvueni bangili. Wekeni vijiti vilivyofunikwa kitambaa, mfunge polepole. Kama pana kidonda, kifunikeni kwa kitambaa safi, msitie udongo wala dawa ya majani. Halafu mleteni hospitali siku ile ile.

Njiani tazameni vidole. Bonyezeni ukucha: rangi nyekundu irudi upesi. Kama vidole ni baridi, vimekufa ganzi, au mtoto analia zaidi mkivinyoosha, legezeni kamba mara moja, hata kama ni usiku, nanyi mwendelee na safari.

Katika maono ya Ezekieli mifupa iliungana, ikapata mishipa na nyama, lakini haikusimama mpaka uhai ulipoingia. Ombeni kwa ajili ya mtoto wenu, ndiyo. Lakini msiufunge nje ule uhai ambao Mungu amekwisha kuutia.