Paa la Lodwar Si Paa la Kitale

Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 200, na mchana wa kawaida joto hufika nyuzi 35 au 36. Kitale, inakoanzia barabara ya kuteremka Turkana, iko mita 1,900 hivi na hupata mvua zaidi ya milimita 1,000. Hata hivyo jengo linalopelekwa kaskazini na kamati za shule, wafadhili na makandarasi ni lilelile la Kitale: kenchi, mabati, misumari, kazi imekwisha. Paa la Kitale liliundwa kupambana na mvua. Adui wa paa la Lodwar ni jua na upepo. Watoto wakishaanza kuungua darasani, lawama hubebeshwa mabati, na hapo ndipo huzaliwa madai ambayo yamerudiwa mpaka yakachukuliwa kuwa elimu. Yajibiwe, kwa sababu darasa lisilokalika saa nane mchana ni masomo yaliyopotea, na dawa nyingi za zahanati zimeandikwa kwenye pakiti zake zisikae katika joto la zaidi ya nyuzi 30.

La kwanza husemwa na karibu kila mtu: mabati na jangwa havipatani, na anayejenga kwa chuma amejijengea tanuri. Hapa kosa la ujenzi linageuzwa kuwa tabia ya chuma. Hewa ya chumbani inaweza kuwa nyuzi 35 sawa na ya nje, na bado mtu akahisi anaokwa. Kinachomwoka ni bati lenye nyuzi 65 lililo juu ya kichwa chake, linalommulikia joto moja kwa moja kama moto unavyommulikia mtu aliyeketi mbali nao. Dawa ni kumtenga mtu na bati hilo. Msanifu majengo Francis Kéré alithibitisha hilo mwaka 2001 katika shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, penye jua lisilo na huruma. Paa lake ni la bati, lakini amelinyanyua juu ya fremu za nondo, mbali na dari ya matofali ya udongo yenye matundu. Hewa ya moto hupanda, hupenya matunduni na kuchukuliwa na upepo unaopita katikati. Kéré huyohuyo alisanifu chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika 2021, chenye minara mirefu ya kutolea hewa ya moto. Kwa hiyo maarifa haya yameshafika Turkana, na yanaonekana kwa macho.

Dai hilo lina ndugu yake: kwamba ukuta wa mawe au bloku ni bora daima. Hapana. Ukuta mzito hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku kucha. Usiku wa Lodwar mara nyingi haushuki sana chini ya nyuzi 24, kwa hiyo ukuta huo haupati nafasi ya kupoa sawasawa. Bati hupoa muda mfupi baada ya jua kuzama. Darasa ni la mchana na bweni ni la usiku, na ningependa kila anayesimamia ujenzi wa shule aulize kwanza jengo litatumika saa ngapi, kabla ya kuuliza litajengwa kwa kitu gani. Bweni jepesi la chuma, lililoinuliwa paa na kuachwa wazi chini ya ukingo wake, litawalaza watoto vizuri kuliko la bloku lililofungwa.

Wengine husema bati jipya linalong'aa halihitaji rangi, kwa kuwa linarudisha jua. Linarudisha kweli, sehemu kubwa tu. Lakini uso wa chuma kitupu una kasoro ambayo jicho haliioni: joto dogo linaloingia hutoka kwa shida mno. Ndiyo maana bati linalometameta huchoma mkono saa saba mchana. Rangi nyeupe hurudisha mwanga na pia huachia joto kwa urahisi, hivyo paa jeupe lililo safi linaweza kubaki nyuzi 10 hivi tu juu ya hewa inayolizunguka. Tena mng'ao wa zinki haudumu. Miaka michache tu bati limekuwa la kijivu. Ama rangi ya maruni na kijani kilichoiva, zinazopendwa sana kwenye majengo ya umma, kwangu hizo ni uamuzi wa kuwaumiza watu kwa ajili ya picha ya siku ya ufunguzi.

Rangi nayo ina masharti. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki mpya hubanduka, kwa sababu zinki huivunja ile inayoigusa. Inahitajika rangi ya chini iliyotengenezwa kwa mabati ya zinki, au rangi ya maji ya akriliki inayokubali uso huo. Na kwa kuwa mvua ya kuosha paa ni haba, vumbi hugeuza weupe kuwa rangi ya mchanga. Ufagio laini mara kadhaa kwa mwaka hurudisha faida kubwa bila kumaliza maji ya watu.

"Nunua geji nzito, joto halitapita." Maneno haya ya dukani yamewatoa watu wengi fedha. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3. Bati zito hustahimili upepo na mkanyagio wa fundi, na kwa hayo lina thamani yake. Kwa joto halisaidii chochote. Chuma hupitisha joto mara 2,000 hivi kuliko povu la poliurethani, maana yake sentimita 5 za povu huzuia joto kama ambavyo chuma chenye unene wa mita 100 kingezuia. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita ni nini hapo? Asiyemudu paneli zenye povu aweke foili chini ya paa, uso unaong'aa ukitazama chini, na aache chini ya uso huo nafasi ya hewa ya sentimita kadhaa. Foili ambayo uso wake unaong'aa umegandamana na kitu kingine hupoteza kazi yake, na inayotazama juu hufunikwa na vumbi.

Dai kwamba jangwani hakuna kutu lina ukweli wa nusu, na nusu hiyo iheshimiwe: mbali na chumvi, kwenye hewa kavu, zinki hudumu miaka mingi kuliko Mombasa, au kuliko pwani ya Ghuba ambako umande wenye chumvi hulala juu ya mapaa usiku. Lakini kutu ya jangwani huanzia pengine. Huanzia chini ya ukuta, pale mchanga unapojikusanya na kushika unyevu. Huanzia palipolala mbuzi, kwa kuwa mkojo na samadi hula zinki upesi. Huanzia kwenye boliti za msingi wa zege lililochanganywa kwa maji ya kisima chenye chumvi. Na mara nyingi sana humwagwa na fundi mwenyewe: anakata mabati kwa grainda, chenga za moto zinagandia juu ya zinki, na baada ya umande au manyunyu ya kwanza paa jipya lina madoa mekundu. Kata kwa mkasi wa bati, fagia chenga siku hiyohiyo, simamisha ukuta juu ya tuta la zege lililopanda kuliko ardhi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili.

Kuhusu misumari, wanaosema inatosha hawajafanya hesabu. Bati la mita 6 likitoka nyuzi 22 alfajiri hadi nyuzi 68 mchana hurefuka zaidi ya milimita 3, kisha hurudi. Kila siku. Msumari hung'oka kidogo kidogo, tundu hupanuka, na upepo hupata pa kushikia. Turkana ina upepo wa kweli: kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya hupita mkondo wa upepo wa kusini-mashariki, na ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme isimamishwe karibu na Loiyangalani. Upepo huo hauliangushi paa. Hulifyonza kwenda juu, na huanza na pembe na kingo. Tumia skrubu zenye washa ya mpira unaostahimili jua, zifungwe mgongoni mwa bati, na kwenye kingo ziongezwe.

Kwamba jua hulegeza nguzo za chuma, hilo tuliache haraka. Chuma cha ujenzi huanza kupoteza nguvu zake kwa kiasi cha kutisha kikikaribia nyuzi 400. Jua halifiki huko.

Limebaki dai la fedha: kwamba haya yote ni ya matajiri. Basi tupange kwa kadiri ya mfuko. Penye kidogo kabisa, rangi nyeupe. Kikiongezeka, acha uwazi chini ya ukingo wa paa na tundu la kutolea hewa kwenye kofia yake, upande usiopigwa na upepo wa vumbi. Kikiongezeka tena, foili, kisha dari. Miti ya kivuli upande wa magharibi ipandwe tangu siku ya kuchimba msingi, kwa kuwa haihitaji kusubiri bajeti. Na kila mwaka, alfajiri kabla bati halijawaka, mtu apande na bisibisi akaze skrubu zilizolegea na abadilishe washa zilizopasuka.