Mwaka usio na ushahidi usiuandike kwenye tangazo lako

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee baiskeli za zamani za Italia, zile za mashindano zenye usukani uliopinda.

"Baiskeli OG ya Italia, 1970, bei maelewano." Sawa, lakini hiyo 1970 umeitoa wapi? Wengi wameitoa kwenye stika, wengine kichwani tu.

Msimamo wangu: kama huna ushahidi, usiandike mwaka. Anayetafuta baiskeli hii hatafuti usafiri wa kwenda sokoni. Anaijua. Akikukamata umedanganya kwenye mwaka, hata bei yako hataiamini. Na usipokagua, unaweza kuuza kwa bei ya chuma chakavu kitu ambacho mwingine atakiuza mara kadhaa ya hapo.

Kagua hivi:

1. Stika siyo ushahidi. Stika mpya za majina makubwa zinauzwa, mtu anabandika tu. Na jina peke yake halitaji mwaka: Bianchi ilianza Milan mwaka 1885 na bado inatengeneza baiskeli hadi leo. Colnago ilianza 1954.

2. Pima bomba fupi la chini, pale ekseli ya pedeli inapopita. Kipimo cha Kiitalia ni upana wa milimita 70, cha Kiingereza ni 68. Ni dalili nzuri ya fremu ilikotoka, ila isisimame peke yake.

3. Pima nafasi ya gurudumu la nyuma, ndani kwa ndani pale ekseli inapokaa. Milimita 120 ni zama za gia 5 nyuma. 126 ni gia 6 au 7. 130 ni gia 8 na kuendelea. Kumbuka fundi anaweza kuwa ameipanua.

4. Tafuta jina Campagnolo, kiwanda cha Vicenza kilichoanza 1933. Kwenye kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, aina ya Nuovo Record, mara nyingi utakuta PATENT na namba mbili. PATENT-78 ni mwaka 1978. Geuza pia mkono wa pedeli uangalie mgongoni: kwenye aina ya Record, namba ndani ya alama ya almasi ni ya miaka ya 70, ndani ya duara ni ya miaka ya 80.

5. Angalia gia zinabadilishiwa wapi. Kama ni kwenye mkono wa breki, kifaa hicho ni cha miaka ya 90 au baadaye. Shimano walikileta 1990, Campagnolo 1992.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza: namba ya kwenye kifaa ni umri wa kifaa, siyo wa fremu. Vifaa hubadilishwa. Kifaa kimoja kikisema 1978, hujapata jibu bado. Vitatu vikikubaliana na nafasi ya gurudumu ikakubali, hapo una hoja.

Andika hivi: "Fremu ya Italia, vifaa vya Campagnolo vyenye alama za 1978 na 1979, tazama picha." Kisha weka picha ya kila alama kwa karibu. Hapo mteja anajihakikishia mwenyewe, na maswali ya inbox yanapungua.

Jambo la mwisho, usipake rangi mpya ili ing'ae! Kwa mnunuzi wa aina hii, rangi ya awali yenye mikwaruzo ina thamani kuliko rangi mpya ya gereji. Na vile vifaa vya zamani usivitupe ukaweka vipya, maana ndivyo anavyovitaka.

Utasema, "Mbona fulani anaandika mwaka wowote na anauza?" Anauza mara moja. Wewe unataka mteja arudi, tena aje na mwenzake.

Una baiskeli ya namna hii stoo? Igeuze leo, kisha tuambie kwenye komenti umekuta alama gani.