Maktaba ya Tarakilishi: Mpangaji ni Nani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, mgeni anayehamisha vyombo vya mwenyeji hana budi kuulizwa. Calibre, programu ya kusimamia vitabu vya kielektroniki iliyoasisiwa na Kovid Goyal mwaka wa 2006, ni mgeni wa aina hiyo. Hutolewa bila malipo, na manufaa yake si haba. Tatizo ni kuwa hukinakili kila kitabu katika folda zake yenyewe, kwa jina la mwandishi, kisha anwani ya kitabu na nambari. Mtumiaji haruhusiwi kuuchagua mpangilio mwingine, na akizihamisha faili hizo kwa mkono wake, programu haizioni tena.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa ushairi aliyeweka Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Fumo Liyongo katika folda moja ya tenzi. Calibre itazitawanya nakala zake katika folda tatu, kwa kuwa watunzi ni watatu: Sayyid Abdalla, Mwana Kupona na Muhammad Kijumwa. Diwani ya washairi kumi nayo itawekwa chini ya jina la mshairi wa kwanza pekee. Je, ngano na nyimbo zetu simulizi, zisizo na mtunzi mmoja, zitawekwa wapi?

Watetezi wa programu hii hudai kuwa folda hazina umuhimu, mradi kuna lebo. Hoja yao ina mashiko: utenzi mmoja waweza kupewa lebo ya utanzu, ya lahaja na ya karne kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa folda moja. Lakini anayeipekua diski hiyo bila Calibre hukutana na majina ya waandishi tu. Uainishaji wa mtafiti hauonekani.

Msimbo wa programu hii u wazi, na sheria yamruhusu yeyote kuubadilisha. Ruhusa hiyo, hata hivyo, haimfai asiyejua kuandika programu. Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, tuuhifadhi mkusanyo asilia mahali pengine, tutumie lebo katika utafutaji, na tunapowapa wengine nakala, tuitumie amri ya kuhifadhi katika diski, ambayo hukubali mpangilio tuutakao. Waundaji nao wampe mtumiaji hiari ya kuziacha faili zilipo. Kuainisha kazi za fasihi ni sehemu ya uhakiki. Si haki mhakiki apokonywe jukumu hilo na chombo chake.