Wakili wa serikali amtumikie mkurugenzi au mwananchi?

TUSEME mkulima wa Kaloleni, mjini Voi, amepokea barua kutoka kwa asasi ya serikali. Miezi kadhaa iliyopita aliwasilisha ombi la fidia baada ya ndovu kumjeruhi nduguye. Barua yenyewe ina sentensi moja tu: ombi limekataliwa. Haielezi ni kwa sababu gani, ni nani aliyeamua, wala ni wapi mkulima huyo anaweza kukata rufaa. Imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini na chini yake pana sahihi isiyosomeka.

Mkulima huyo ni wa mfano, lakini barua ya namna hiyo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kutafuta leseni, kibali au haki yake katika ofisi za umma. Tunapoisoma barua kama hiyo aghalabu tunamlaumu afisa aliyeitia sahihi. Ni nadra sana kumkumbuka mtu mwingine ambaye angeweza kuizuia isitoke: wakili aliyeajiriwa na asasi hiyo hiyo.

Kaloleni inayozungumziwa hapa si ile ya Kilifi, bali ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Voi katika Kaunti ya Taita Taveta. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo zilizotengwa mwaka 1948. Barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa inapita Voi, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina kituo hapo.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa eneo hilo huishi chini ya kivuli cha asasi nyingi za usimamizi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina usemi kuhusu ndovu wanaovuka mipaka ya mbuga. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, huamua iwapo timbo litachimbwa. Mamlaka ya usafiri hutoa au kufuta leseni ya matatu, nayo mamlaka ya kawi hutoa idhini ya kituo cha mafuta kando ya barabara. Maamuzi ya asasi hizi humgusa mwananchi upesi na kwa uzito kuliko hotuba nyingi zinazotolewa bungeni.

Zamani, mtu aliyedhulumiwa na uamuzi wa ofisi ya serikali alikuwa na njia nyembamba. Aliomba Mahakama Kuu itoe amri za aina tatu zilizorithiwa kutoka kwa sheria ya Uingereza: ya kufuta uamuzi, ya kuzuia hatua fulani, au ya kumlazimisha afisa atimize wajibu wake. Ilikuwa ni lugha ya mawakili, na gharama yake iliwashinda walio wengi.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha msingi huo. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria, kwa busara na kwa kufuata utaratibu wa haki. Anayeathiriwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwaka 2015, Bunge lilipitisha sheria ya kutekeleza kifungu hicho. Sheria hiyo inamtaka afisa atoe ilani kabla ya kuamua, amsikize mhusika, amweleze haki yake ya kukata rufaa na ampe stakabadhi zilizotumika kufikia uamuzi.

Sheria hiyo ina meno. Afisa akikataa kutoa sababu, mahakama inaweza kuchukulia kwamba hakuwa na sababu ya maana, hadi athibitishe vinginevyo. Tena, tendo la kiutawala kwa mujibu wa sheria hiyo si uamuzi pekee. Kutotenda nako ni tendo. Afisa anayekalia faili mwaka mzima hawezi kujitetea kwamba hajaamua lolote.

Hapa ndipo wakili wa asasi anapoingia. Wengi humfikiria kama mtu wa kusimama mbele ya jaji na kuitetea serikali. Kwa hakika, sehemu kubwa ya kazi yake inapaswa kufanyika mbali na mahakama. Ndiye anayepaswa kuuliza iwapo sheria inampa mkurugenzi mamlaka ya kufanya analotaka kufanya. Ndiye anayepaswa kukagua kama ilani ilitolewa na kama watu walisikizwa. Ndiye anayetayarisha rasimu za kanuni, ambazo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za wizara na asasi, ni lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinapoteza nguvu.

Kazi hiyo haina shangwe. Wakili akiifanya vyema, hakuna kesi, hakuna kichwa cha habari, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilizuiwa. Akiifanya vibaya, au akinyimwa nafasi ya kuifanya, gharama humwangukia mlipa ushuru.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Lamu. Mwezi Septemba 2016, NEMA ilitoa leseni ya ujenzi wa kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Wakazi chini ya mwavuli wa Save Lamu walikata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Juni 26, 2019, jopo hilo liliifuta leseni. Mojawapo ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari za mradi.

Msomaji na azingatie jambo hilo. Swali la iwapo wananchi walipewa habari za kutosha na nafasi ya kutoa maoni si la kisayansi. Halihitaji mtaalamu wa moshi wala wa samaki. Ni swali ambalo wakili mwenye faili mezani anaweza kulijibu kabla ya leseni kutiwa sahihi. Lilijibiwa karibu miaka mitatu baadaye, baada ya mwekezaji, wakazi na serikali yenyewe kugharamika.

Mfano wa pili ni wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, ambako kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa sumu ya risasi. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni asasi za serikali, NEMA ikiwemo, kwa kuzembea katika wajibu wa kuwalinda wananchi hao.

Lamu, kosa lilikuwa kutoa leseni bila kufuata utaratibu. Owino Uhuru, kosa lilikuwa ulegevu wakati hatua zilihitajika. Katika hali zote mbili, sheria ilikuwepo na asasi ilikuwepo. Kilichopungua ni sauti ya kusema mapema, ndani ya ofisi, kwamba njia hii si halali.

Kwa nini sauti hiyo haisikiki? Sababu ya kwanza ni kwamba wakili huitwa wakati maji yamekwisha kumwagika. Afisa wa nyanjani huamua, mkurugenzi huidhinisha, barua hutoka, na idara ya sheria hupata habari inapopokea karatasi za mashtaka. Kufikia hapo wakili hana budi kutetea asichokishauri. Aghalabu hulazimika kutafuta sababu ambazo hazimo katika faili, na majaji hawadanganyiki kwa sababu zilizobuniwa baada ya kesi kuwasilishwa.

Sababu ya pili ni mahali anapoketi. Katika mashirika mengi ya serikali, mkuu wa idara ya sheria ndiye pia katibu wa bodi. Huyo huyo anayeandika kumbukumbu za mikutano na kutayarisha ajenda za wakubwa ndiye anayetarajiwa kuwaambia wakubwa hao kwamba wamekosea. Ni vigumu kwa mtu kuwa mpambe wa bwana harusi na wakati huo huo awe wa kupinga ndoa.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi: wakili huyo hajui vyema mteja wake ni nani. Wakili wa kibinafsi hutii maagizo ya mteja wake, mradi asivunje sheria. Wakili wa asasi ya umma anapokea maagizo kutoka kwa mkurugenzi, ilhali asasi yenyewe si mali ya mkurugenzi. Iliundwa kwa sheria na inaendeshwa kwa fedha za umma, zikiwemo za mkulima yule wa Kaloleni. Kumshinda mkulima huyo mahakamani kwa hila ya kiufundi, hali asasi inajua kwamba anastahili kulipwa, si ushindi wa asasi hata kidogo.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inadhihirisha uzito wa jambo hili. Iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa kifo, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine yanayosababishwa na wanyama waliotajwa. Kamati ya kaunti hukagua madai, na asiyeridhika na uamuzi wa fidia ana siku 30 kukata rufaa katika Jopo la Mazingira. Siku 30 ni chache kwa mtu ambaye barua yake haikumweleza kwamba zimeanza kuhesabiwa.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu wote unachelewesha kazi. Maafisa hulalamika kwamba wachafuzi wa mazingira na wafanyabiashara wakaidi hukimbilia mahakamani kwa kisingizio kwamba hawakusikizwa, huku madhara yakiendelea. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Hakuna anayetaka kiwanda kinachomwaga sumu mtoni kisubiriwe hadi vikao kumi vimalizike.

Hata hivyo, dawa ya visingizio hivyo ni faili lililokamilika. Mkaidi hupata mwanya pale ambapo ilani haikutolewa au sababu hazikuandikwa. Asasi iliyofuata hatua zake hutoka mahakamani mapema, na amri yake hubaki na nguvu. Haraka isiyofuata sheria ndiyo iliyoichelewesha Lamu.

Kenya si ya kwanza kukabiliana na suala hili. Marekani iliweka sheria ya taratibu za asasi zake mwaka 1946, nayo Afrika Kusini ikatunga sheria ya haki katika utawala mwaka 2000. Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupilia mbali kanuni ya mwaka 1984 iliyowataka majaji kukubali tafsiri ya asasi pale sheria inapokuwa na utata. Tangu hapo, mawakili wa asasi za huko hawawezi kutegemea utata huo, bali ni lazima wawashawishi majaji kwamba tafsiri yao ndiyo sahihi. Funzo kwetu ni kwamba heshima ya mahakama kwa asasi za serikali si haki ya kuzaliwa. Hupatikana kwa kazi iliyofanywa vizuri.

Nini kifanyike? Kwanza, uamuzi wowote wa kukataa, kufuta au kusimamisha haki ya mtu usitoke kabla ya wakili wa asasi kuthibitisha kwa maandishi kwamba ilani ilitolewa, mhusika alisikizwa na sababu zimeandikwa. Ukurasa mmoja unatosha.

Pili, kazi ya katibu wa bodi itenganishwe na ile ya mshauri wa sheria, na mshauri huyo apewe ruhusa ya kuweka maoni yake katika faili hata yanapompinga mkurugenzi. Tatu, mawakili wasikae Nairobi pekee. Afisa wa Voi anayeamua kuhusu ndovu na mashamba anahitaji mwanasheria anayeweza kumfikia siku hiyo hiyo.

Nne, barua ziandikwe kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sababu ambayo mhusika hawezi kuisoma haijatolewa.

Mwananchi naye asikae kimya. Anaweza kuomba sababu kwa maandishi. Anaweza kutumia sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, ambayo huitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Akipuuzwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman, iliyoundwa mwaka 2011. Lakini azingatie kwamba mahakama humtaka kwanza amalize njia za rufaa zilizowekwa na sheria, kwa hivyo asipoteze siku.

Mkulima wetu wa mfano huenda hastahili fidia. Pengine ushahidi wake una kasoro, au mnyama aliyemjeruhi nduguye hayumo katika orodha ya sheria. Hilo linawezekana, na asasi ina haki ya kumkatalia. Anachostahili bila shaka yoyote ni barua inayomweleza hivyo kwa lugha anayoielewa, imtaje aliyeamua na imwonyeshe njia ya rufaa. Wakili atakayekataa kuiachilia barua ya sentensi moja itoke ofisini atakuwa amemtumikia mkurugenzi na mkulima kwa pamoja.